Dua ya Kunyima Watu Mishahara

Binti yangu wa mwisho yuko Amerika miaka mingi, na karatasi zake za kuishi kule zilishakwisha muda. Alikuwa na mimba kubwa, lakini kliniki ameacha kwenda. Askari wa uhamiaji wa serikali yao kuu walikuwa wanakamata watu njiani, na yeye njia ya hospitali ndiyo hiyo hiyo. Kilichoniuma mimi ni hiyo kliniki. Majina ya wote ninaowasema ninayo kichwani, ila mwanangu huyo ameniomba nisiyaandike.

Siku moja mkwe wangu, mume wa binti mkubwa, alitoka dukani kwake mtaa wa Chuno akanifuata nyumbani kwangu Likombe na habari aliyoisoma kwenye simu. Wabunge kadhaa wa kule wameleta mswada wa kuinyima fedha idara nzima ya kukamata wageni.

"Basi yamekwisha," nikasema.

"Bado, mama. Ni mswada tu. Unaweza kukataliwa."

"Umeshafika bungeni, ukataliwe na nani?"

"Na wabunge wenzao."

Hapo nikapotea. Hapa kwetu nikisikia redioni mswada umesomwa, baadaye nasikia umepita. Halafu, serikali yenyewe inamnyimaje fedha askari wake?

Na woga ukaniingia. Nimekulia kando ya Ruvuma, wazee wangu walivuka kutoka ng'ambo ya mto wakati wa vita. Askari wa kituo chetu wakiwa na mafuta ya boti, walikwenda mbali huko, sisi tukapumua. Yakiisha, walitembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, wakituuliza sisi wa karibu tumezaliwa wapi. Sasa wa Amerika wakikosa fedha watafanyaje?

Hata hivyo nilimwita shehe wa mtaa na majirani, nikachemsha ming'oko, viazi vyetu vya porini, nikasema nataka dua mswada upite.

Shehe akanitazama. "Bibi, yaani tuombe watu wakose mishahara?"

"Ndiyo. Hapana. Sijui, shehe."

"Mshahara wa mume wangu haukuombewa dua na hauonekani," jirani yangu akasema, wanawake wakacheka.

Mwingine akasema taratibu, "Na hao askari wana watoto."

Nikamsogezea sahani. Shehe akainua mikono, akamwombea mama mjamzito salama yake na ya mtoto. Kuhusu mswada akasema tu Mungu anaujua, akafunga dua. Nikaitikia amina, sijui kama kile nilichowaitia kilikuwemo.

Jioni mwanangu akapiga simu. Kwake ni asubuhi.

"Mama, huo mswada hata kura bado. Mtoto atazaliwa kwanza."

"Na kliniki?"

Akasema, "Wewe unaonaje, niende?"

Nchi yenyewe siijui. Nikamwambia ninalolijua. Zahanati yetu ilikuwa mbele zaidi, ukishapita kile kituo cha askari cha mtoni, na mwenye mimba hatukumwacha apite peke yake. Tulitoka wanawake kundi zima, majembe begani, yeye katikati, tunapiga soga kama tunakwenda shamba. Askari akitaka kuuliza, atuulize wote, na wote ni shangazi zake.

"Mama, huku hakuna majembe."

"Wanawake wapo?"

"Wapo."

"Basi waambie."

Akawaambia wale anaofanya nao usafi hotelini. Wakampeleka, wengine hata lugha hawaelewani. Hakuna aliyewauliza kitu. Daktari akasema mtoto amekaa vizuri, kichwa chini, ila mama arudi tena, damu imepungua.

Nikashukuru, kisha nikaanza upya, maana kurudi ni kupita njia ile ile. Mkwe wangu anasema mswada sasa uko kwenye kamati. Nikamuuliza hiyo kamati ni ya wanaotaka au wasiotaka. Akasema wamo wote. Nimeacha kumuuliza. Mwanangu akipiga, namuuliza safari hii anakwenda na nani.