Njia Niliyoiuliza Vipande Vipande

Nilitoka Kampala kwa sababu moja tu: dada yangu Zuhura alitaka kujua kama mumewe yu hai. Mengine niliyowaambia watu, kwamba nimelichoka duka, kwamba nataka kuiona milima ya Kigezi kabla sijazeeka, yalikuwa maneno ya kufunikia.

Mume wa Zuhura, shemeji yangu Okot, alikuwa sajini wa polisi na Mwacholi, mtu wa kabila la kaskazini ambalo watawala walilishuku. Katika miaka ile ya utawala wa jeshi mambo hayo mawili hayakukaa vizuri katika mtu mmoja. Wenzake walikuwa wakiitwa mmoja mmoja, wanaingizwa kwenye gari, na habari zao zinaishia hapo. Jioni moja naye hakurudi nyumbani. Tulichobaki nacho ni kauli aliyowahi kumwambia mkewe: mambo yakiharibika, atakwenda kwa Byamukama. Huyo Byamukama alikuwa mpishi wa kambi ya polisi, akastaafu, akarudi kwao Kigezi kulima kwenye vilima vya juu ya ziwa Bunyonyi. Hatukujua kama Okot alifika kwake au aliishia njiani.

"Kaka," Zuhura aliniambia, "sikutumi umlete. Nataka tu nijue mimi ni mke au mjane. Hivi nilivyo sasa siwezi hata kulia."

Kamwokya, nilipokuwa na duka langu dogo la vipuri vya baiskeli na pikipiki, ndipo nilipoanza kupanga safari. Pikipiki nilikuwa nayo, ya Kijapani, kelele nyingi lakini mvumilivu. Barabara kuu ya Masaka sikuitaka, maana ilijaa vizuizi na kila kizuizi kina wenye kuuliza. Niliamua kupita njia za ndani, zile za vumbi zinazozunguka vilima na mabwawa ya mafunjo. Tatizo ni kuzijua. Kutembea na ramani mfukoni wakati ule kulikuwa kujitafutia kifo, na kumwuliza mtu mmoja njia yote, kutoka Kampala hadi Bunyonyi, kulikuwa kumtangazia uendako.

Basi nikabuni ujanja. Nilikwenda sokoni Kalerwe, malori ya ndizi, kabichi na viazi yanapopakua, nikawa namwuliza kila dereva kipande kimoja tu. Huyu nilimwuliza Mityana hadi Mubende, yule Mubende hadi Ibanda, mwingine siku nyingine nikamwuliza mbele ya hapo. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuijua safari yangu nzima. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Tena nilijibana. Mimi kwa kawaida ni mtu wa maneno. Siwezi kununua nyanya bila kumsimulia muuzaji nilivyoamka, na mke wangu husema nikitumwa chumvi narudi na habari za mtaa mzima. Lakini Kalerwe niliuliza swali, nikapokea jibu, nikaondoka bila kucheka na mtu.

Dereva wa mwisho alikuwa Mkiga mmoja, mtu wa milima ileile ya Kigezi, mwenye kofia nyekundu, amekaa juu ya magunia ya viazi.

"Ssebo, kutoka Rukungiri kwenda Bunyonyi, njia inapitika?"

"Njia iko. Iko na kona mingi, na mvua ikinyesha, matope." Akanitazama. "Wewe uko na kazi gani huko?"

"Kutembea tu."

"Kutembea," alirudia, akaviangalia viatu vyangu. "Kale, ssebo." Yaani, haya bwana.

Nilirudi nyumbani roho juu. Kazi yangu inamhusu nini? Kesho yake jirani yetu Nalongo, mama wa mapacha anayeuza mandazi mbele ya duka langu, naye akanichokoza.

"Ati Salimu anaenda kuangaria mirima! Kororo imekukosea nini? Si nayo iko murima?" Wateja wake wakaangua kicheko, maana kilima cha Kololo kiko papo hapo juu ya mtaa wetu. "Na unaenda siku gani, tukuage?"

Nilicheka nao, lakini moyoni nikajiuliza kwa nini anataka kuijua siku.

Siku ya kuondoka, kulipopambazuka, nilitokea Kawempe kama mtu anayekwenda Bombo, kisha nikakata kushoto kwenye njia ya udongo mwekundu. Nyuma nilifunga dumu la petroli, kwa kuwa mafuta yalikuwa adimu, na blanketi. Miwani ya giza ningeihitaji kwa vumbi lile, ila nikaiacha makusudi, maana ndiyo iliyokuwa alama ya majasusi wa serikali. Nilikula vumbi kwa macho mpaka Mityana, nikijipongeza kwa tahadhari yangu.

Mubende, pamoja na kujificha kote, nilikumbana na kizuizi. Watu walikuwa wamepangwa pembeni na mizigo yao imefunguliwa chini: kina mama, mzee wa baiskeli, na nyuma yangu lori moja. Askari mrefu alinisogelea.

"Unatoka wapi?"

"Kampala, afande. Naenda kusalimia ndugu."

Uso wake ulifunguka. "Eh! Kiswahili yako ni safi kabisa. Wewe ni mutu yetu."

Sisi tumezaliwa katika Kiswahili, babu zetu walikuja na biashara kutoka pwani, lakini kwake yeye Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Aliushika mkono wangu, akautikisa muda mrefu, akaniambia nipite. Mizigo yangu hakuigusa. Wale waliosimama pembeni walinitazama na hakuna aliyenijibu nilipowapungia. Niliondoka nikiwaza kwamba askari hamwachii mtu bure, lazima amepeleka habari zangu mbele.

Baada ya Mubende njia ilianza kupinda kwelikweli. Inashuka bwawani, inapita kwenye tuta jembamba kati ya mafunjo, inapanda tena ubavu wa kilima hadi unauona mkia wa vumbi lako mwenyewe kule chini. Karibu na Ibanda ng'ombe wenye pembe ndefu walivuka barabara taratibu, nami nikazima injini nikawangoja. Kulikuwa kimya, na harufu ya majani mabichi. Nilifurahi kama mtoto, halafu nikasikia lori nyuma yangu na furaha ikakatika. Liliponipita, nilimwona dereva: kofia nyekundu.

Mchana wote nilikuwa na jambo hilo kichwani. Anafanya nini njia hii ya kuzunguka, wakati barabara kuu ipo? Sikujiuliza kama naye alikuwa na sababu za kukwepa vizuizi. Kila mtu wakati ule alikuwa nazo, hasa mwenye lori.

Ishaka nilifika jioni. Mbarara nilikuwa nimeikwepa kwa sababu ya kambi yake kubwa. Niliingia hoteli ya chai, na yule dereva alikuwa ameketi kwenye kona. Aliponiona aliweka kikombe chini kabla hajakimaliza, akatoka, na lori lake likaunguruma kuelekea Rukungiri. Sasa nilikuwa na hakika kwamba nafuatwa. Mwenye hoteli alipokataa kupokea hela yangu ya chai, akisema "nenda tu, mkubwa, nenda tu," nilihisi naye yumo.

Nililala Ishaka. Asubuhi, nilipoipita Rukungiri kwenda kusini, nilikutana na milima niliyokuwa nikidanganya kuwa ndiyo niliyoifuata. Ilikuwa mizuri kuliko uongo wangu. Mashamba yamepangwa ngazi kwa ngazi hadi kileleni, ukungu umelala mabondeni, na barabara inajikunja hata jua linakuwa mara mbele, mara mgongoni. Lakini watu wa kule! Nikisimama kuuliza, wanaume wanavua kofia na kusema hawajui kitu. Watoto wanaitwa ndani. Mwanamke mmoja alinipa kuku, hai, miguu imefungwa, akarudi nyuma bila kungoja asante. Nilimbeba kuku yule hadi mwisho wa safari nikijiuliza nimetegewa nini.

Bunyonyi niliiona mchana, kwa ghafla, baada ya kona ya juu kabisa: maji ya kijani yameingia kila bonde, na visiwa vidogo vingi. Nyumba ya Byamukama ilikuwa chini ya mikalitusi, kama Zuhura alivyonielekeza. Mwenyewe alikuwa mlangoni, mzee mnene, mikono ameikunja kifuani. Mkewe aliniletea kibuyu cha bushera, uji wao wa mtama, akarudi ndani upesi bila kunitazama.

"Namtafuta Okot," nilisema.

"Okot? Mimi sijui hiyo mutu, sebo."

"Ulifanya naye kazi kambini."

"Kambi ilikuwa na watu mingi. Mimi nilikuwa na sufuria, si watu."

Tulikwenda hivyo muda mrefu. Yeye hakunitazama usoni, nami niliona dhahiri kwamba ananificha kitu, pengine ameshamwuza shemeji yangu. Mwishowe uchovu na hasira vilinipasua. Niliweka kibuyu chini nikaanza kusema, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimwambia kuhusu Zuhura asiyelia wala kulala. Nilimsimulia Okot alivyokuja kuposa kwetu akiwa amevaa sare, bibi yetu akajificha chini ya kitanda akidhani amekuja kutukamata. Nilimweleza habari za duka, za Nalongo na mandazi yake, za vumbi, za kuku.

Byamukama alikaa chini kwenye nyasi. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe ni Salimu?"

"Ndiye mimi."

"Salimu ya maneno mingi? Shemeji yake?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Yesu wangu," alisema. "Amekimbia leo alfajiri."

Nilimwuliza amemkimbia nani. Alinitazama kwa huruma.

"Wewe. Dereva ya kofia nyekundu alipita hapa usiku, anaambia kila nyumba. Anasema kuna mutu ya Kampala, Kiswahili safi, anauliza njia ya kwetu. Anauliza huyu kidogo, anauliza yule kidogo. Hacheki. Madereva wote ya Kalerwe wanajua. Na Mubende askari wamemushika mukono. Sasa anakuja na pikipiki."

"Na Okot hakufikiri kwamba huenda ni mimi?"

"Mimi nilimuuliza. Nilisema, pengine ni shemeji yako, yule Muswahili. Akakataa. Akasema, Salimu hawezi kuuliza njia bila kukaa chini na kupiga hadithi. Hii ni mutu ya kazi."

Nililia mbele ya mzee yule bila aibu. Siku zote zile nilikuwa nikimtafuta jasusi kwenye kila kona, na kila aliyeniona alikuwa ameshampata. Nilitaka kuwasha pikipiki niufuate mpaka wa Rwanda, alikoelekea, nimwite jina lake kwenye vilima. Byamukama alinishika bega.

"Ukimufuata na hiyo mashine, atakimbia zaidi."

Tulimchinja kuku. Nilimchinja mwenyewe ili wote tule, na mkewe Byamukama sasa alicheka na kunicheka. Sikusikia ladha yoyote.

Kurudi nilipita barabara kuu, Kabale, Mbarara, Masaka, kwa kuwa sikuwa na cha kuficha tena. Vizuizi vilinipekua hadi soksi. Nilizungumza na kila mtu aliyenisikiliza, na wengi hawakutaka kunisikiliza. Nikipata wa kuniuliza nilijifunza nini katika safari ile, humwambia kwamba hofu haihitaji miwani myeusi. Mimi niliibeba kwa heshima zote, nikaifikisha hadi mlangoni pa mtu niliyempenda.

Kamwokya, Zuhura alikuwa amesimama uani niliposukuma pikipiki ndani. Nilimweleza yote wima, nikiogopa kumtazama. Nilidhani atanilaani.

"Ulisema alfajiri?" aliniuliza.

"Alfajiri ya siku ileile niliyofika."

"Kwa miguu yake?"

"Kwa miguu yake. Byamukama anasema alipanda kilima mbio, hakugeuka nyuma."

Alijifunika uso kwa kanga na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni uchungu, hadi alipoitoa kanga nikauona uso wake unacheka.

"Kaka," alisema, "kumbe bado ana nguvu ya kupanda kilima mbio!"

Mchana uleule alijilaza akalala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu Okot apotee. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala, siku ile na nyingi zilizofuata, kwa kujua kwamba mahali fulani kwenye milima ile shemeji yangu alikuwa bado akikimbia, na anayemkimbia ni mimi.