Ukurasa Alionirudishia

Alhamisi asubuhi nilikuwa chini ya gari nikifungua gia boksi pale simu ilipolia. Ni mke wa mwalimu. Alisema mumewe amefariki hospitalini, moyo umesimama. Nililala pale chini kidogo, nikiangalia mafuta yakidondoka. Mnaosoma safu hii mnajua kwamba mimi ni fundi wa magari wa mtaa wa Buyenzi, shule niliishia darasa la sita, na kuandika nimejifunza ukubwani. Marehemu alikuwa mwalimu wa sekondari, Mkristo wa Buterere, mtaa unaojaa maji kila mvua ikinyesha. Akiwa amekaribia kustaafu alijiandikisha chuo kikuu, akasomea shahada ya uzamili ya kuzuia ugaidi na uhalifu wa itikadi kali. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Lakini kuna jambo nililomfanyia, na sitaki alale nalo kaburini peke yake.

Alikuwa akija gerejini kwetu kwa miguu, daftari kwapani, viatu vina tope la kwao. Anakaa juu ya tairi bovu, anauliza maswali yake. Mafundi walimfanyia mzaha. “Eh Mwalimu, we unasoma ugaidi ao unaufundisha?” “Nasoma kuuzuia.” “Na unakuja kuuzuia huku kwetu? Kwa nini si kwenu Buterere?” “Kwetu kuna maji tu, ndugu yangu,” akajibu, “na yenyewe imetushinda kuzuia.” Wakacheka, wakampa chai. Mimi sikucheka. Nilijiuliza kwa nini mtu wa masomo hayo anakuja kukaa katikati ya Waislamu, nikamuuliza hivyo hivyo usoni. Hakukasirika. “Vitabu vinaniambia kwa nini watu wanaenda kwa hayo makundi,” alisema. “Apana hata kimoja kinaniambia kwa nini wengine wanabaki. Mi namutafuta mutu mwenye alibaki.”

Mtu huyo nilikuwa naye nyumbani. Ni mdogo wangu, fundi kama mimi. Kulikuwa na mwaka aliosikiliza mahubiri ya kwenye simu mpaka akaacha kusalimia majirani Wakristo, akaacha kula sahani moja na mama yetu kwa sababu mama alikwenda kwenye msiba kanisani. Kisha akasema amepata kazi mbali, watu watakuja kumchukua. Siku hiyo alikuwa na injini ya basi dogo aliyoifungua mwenyewe, vipande vimepangwa juu ya katoni. Gerejini kwetu aliyefungua injini ndiye anayeifunga, maana ni yeye tu anayejua kila bolti ilitoka wapi. Mwenye gereji alimwambia, “Umeifungua we, utaifunga we. Kisha uende hata mwezini.” Dereva wa basi, Mkristo, alikaa naye siku nne akimshikia spana, na mchana akimletea maharagwe na ndizi, wakala pamoja kwa kuwa sahani ilikuwa moja. Siku ya pili wale watu walipita, wakangoja kidogo, wakaondoka bila yeye. Siku ya nne injini ikawaka. Mdogo wangu akanawa mikono, akaenda kula kwa mama.

Nilimweleza mwalimu yote hayo. Alikuwa na desturi moja: kila aliyezungumza naye, alimrudia na kumsomea kwa Kiswahili alichoandika kwa Kifaransa, ili mwenyewe aseme kibaki au kitoke. Aliponisomea ukurasa wangu, niliogopa. Injini, dereva, mama: Buyenzi ni ndogo, kila mtu angejua ni nani, na sikujua karatasi ile ingefika mezani kwa nani. “Toa,” nikamwambia. “Yote?” “Yote.” “Ndiyo ukurasa mzuri kuliko zote,” alisema, kisha akauchana daftarini, akaniwekea mkononi. “Ni yako.” Niliuchoma chini ya birika la chai.

Alinialika siku ya kutetea tasnifu yake chuoni, nikakaa nyuma kabisa. Profesa mmoja akamuuliza: nadharia ni nyingi, je, kuna mtu mmoja hai uliyemwona akibaki? Mwalimu hakugeuka kuniangalia. Alijibu kwamba alimpata, lakini hakupewa ruhusa ya kumwandika. Walimpa alama za kawaida tu. Nje nilianza kuomba msamaha, akanikatiza. “Apana. Ningeisoma bila ruhusa, kesho nani angesema na mimi?”

Nimefikiri sana juu ya jibu lile. Tunasikia hotuba nyingi za usalama, na wanaokuja kutuuliza habari hawarudi kutusomea walichoandika. Kwa hiyo tunanyamaza, hata tukiwa na jambo la kumsaidia mtu. Yeye alirudi.

Jana, tukitoka kumzika, nilimuuliza mdogo wangu kama naweza kuandika habari yake. “Andika,” alisema. “Lakini jina langu apana.” Basi ukurasa ule nimeuandika upya, kadiri ninavyokumbuka. Nilichojifunza ni kidogo. Kama kuna mtu nyumbani kwako ameanza kuondoka angali amekaa, mpe kazi isiyoweza kumalizika bila yeye, na ule naye. Ningemruhusu mwalimu, haya mngeyasoma kwake, na angeyaandika vizuri kuliko mimi.