Mama Ushuhuda na Bima ya Moyo

Marehemu alikuwa mtu wa kinyaa. Waliofanya naye kazi kwenye duka la dobi wanakumbuka alivyokuwa akiliinua shati la mteja kwa ncha za vidole, akainusa kola, kisha akakunja uso kama aliyelamba shubiri. Jasho halikumsumbua. Jasho ni jasho, alisema, mtu katoka kazini. Kilichomchefua ni shati lililovaliwa wiki nzima halafu likapuliziwa manukato. Hilo alilitupa kwenye beseni kwa hasira, akiuliza mwenye shati alidhani anamdanganya nani. Alipiga pasi pale tangu usichana wake mpaka mvi zikamvamia, na mvuke ukamkausha ngozi ya mkono wa kulia.

Jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Kanisani, kazini na mtaani aliitwa Mama Ushuhuda, na jina hilo lina kisa chake.

Kuna mwaka miguu ilimvimba, pumzi ikamwia fupi, akawa halali ila ameketi. Daktari akamweleza kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, damu inarudi ilikotoka. Akapewa vidonge, na kanisa likamwombea. Uvimbe ulipotoka alisimama mbele ya watu kushukuru. Alichosema siku ile ni kwamba anajisikia vizuri, basi. Lakini kabla hajarudi kwenye benchi lake, shukrani ilikuwa imegeuka uponyaji. Mtu mmoja alipaza sauti kwamba amepewa moyo mpya, vigelegele vikafuata, watu wakacheza. Naye aliona haya kuwazima. Hakusema uongo, aliuacha tu ukae. Na uongo ukishapewa kiti, kuuondoa ni kazi. Vidonge vikahamia ndani ya kopo la vifungo vya nguo, chini kabisa, hata binti yake kitinda mimba aliyeishi naye nyumba moja asijue. Mchungaji, tumtendee haki, hakuwahi kumwambia mtu yeyote aache dawa.

Miaka ikapita hivyo. Kisha dada yake mkubwa akapiga simu kutoka nchi ya mbali, alikokuwa akiishi kwa mwanawe. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ndiye aliyemfundisha kusuka nywele, kusoma na kusali. Sasa saratani ilikuwa imemla akabaki mifupa na sauti.

"Mdogo wangu, njoo nikuone," alisema. "Usisubiri kuja kunizika. Maiti haioni."

Mpwa wake alikuwa tayari kununua tiketi. Alieleza kwamba ubalozi unadai bima ya safari, akasisitiza achague inayokubali ugonjwa alionao mtu kabla ya kusafiri, kama upo, kwa sababu kule siku chache tu za hospitali zinaweza kuwauzisha nyumba. Akauliza, "Mama mdogo, una ugonjwa wowote?"

"Sina, mwanangu. Mungu ni mwema."

Alipokata simu alikaa kitandani, ulimi mzito kama aliyekunywa maji ya sabuni.

Habari za safari hazikukaa ndani. Kesho yake jioni mwalimu wa kwaya alibisha hodi. Jumapili aliongoza nyimbo. Siku nyingine zote alikuwa wakala wa bima, na waumini wengi waliosafiri walipitia kwake. Aliingia na mkoba wake na meno yote nje, akafungua kompyuta juu ya meza, akaanza kusoma maswali kwa sauti na kuyajibu mwenyewe. Moyo, hapana. Presha, hapana. Kisukari, hapana. Aligonga vitufe kama mtu anayeua sisimizi.

"Mwalimu, mbona huniulizi?"

"Nikuulize nini, mama? Ushuhuda wako si tunaujua wote?"

Binti yake, aliyekuwa akimimina chai, akacheka. Mama Ushuhuda akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mwingine, je, itakuwaje mtu akiugua moyo huko ugenini, halafu ikajulikana aliondoka nao nyumbani? Mwalimu akasema kwa imani hilo halitatokea. Na likitokea? Mwalimu akangoja binti arudi jikoni. Kisha akainama karibu, na harufu yake ya manukato ikatangulia maneno.

"Mama, nilikuona kliniki, dirisha la dawa. Mimi najua, wewe unajua. Kampuni haijui. Ubalozi unataka karatasi tu, na karatasi ninayo. Nikiweka ndiyo, bei inapanda, daktari lazima aandike barua, na mambo haya hayakawii kutoka nje. Jina lako utaliweka wapi?"

Alisema hivyo akitabasamu, kikombe mkononi, kama anayemtakia heri.

Mama Ushuhuda aliisukuma chai yake pembeni. Alimwambia arudi Jumapili baada ya ibada, akamsindikiza mlangoni, akarudi kukisugua kile kikombe. Alikisugua kwa sabuni ya unga, akakisuuza, akakinusa, akakisugua tena. Lakini kilichomtia kichefuchefu zaidi hakikuwa kikombe. Mtu huyu alizungumza naye kama mwenzake, kama watu wawili waliokula njama zamani, na hakuwa na la kumkanusha. Usiku ule alipopiga magoti hakupata neno la kuanzia.

Siku ya pili aliomba ruhusa kazini akaenda mjini, kwenye ofisi yenye kioo kizima na kiyoyozi kinachouma mifupa. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika alinong'ona kwamba ana tatizo la moyo. Mhudumu akarudia, "Moyo?" kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni, na watu wakageuka kumtazama kifuani. Mhudumu akaeleza kwamba bima yao ni nzuri sana. Inalipa mkoba ukipotea. Inalipa ndege ikichelewa. Inalipa jino likivunjika. Inasafirisha mwili mtu akifariki. Ila moyo, na chochote kitakachotokana na moyo, wameuweka kando.

"Mkoba wangu mna uchungu nao kuliko moyo wangu," alisema Mama Ushuhuda. "Na nikifa kwa huo moyo, mwili mtaurudisha?"

Mhudumu akafunua kurasa, akasoma maandishi madogo kama mayai ya chawa, akasema hapana, labda kifo kiwe cha ajali. Mtu mmoja kwenye foleni alicheka kidogo akajifanya anakohoa. Mama Ushuhuda alitoka akiwa amejikunyata. Aliona karaha kwa kioo kile, kwa tabasamu lile la kukodi, kwa bima ya mwili mzima iliyokwepa mahali pale pale panapouma.

Kilichobaki ni kliniki. Daktari wake, mzee mkavu wa maneno, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa darasa ambalo hakulisahau. Bima isiyouliza kitu leo, alisema, itauliza siku umelala kitandani na mpira wa hewa puani, na siku hiyo jibu lako la uongo litakuwa ndilo jibu lao. Itafutwe inayouliza mpaka ikere. Aseme yote, hata asiloliona kuwa kubwa. Ugonjwa uandikwe kwa jina lake ndani ya hati kwamba umekubaliwa. Ahadi ya mdomo haina kazi. Aulize kiwango cha juu watakacholipa hospitali, na namba ya kupiga saa yoyote. Na dawa zisibadilishwe kipindi hiki bila yeye daktari kujua, maana kampuni nyingi hutaka kuona ugonjwa umetulia. Akaandika barua, akapiga muhuri.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alimalizia. "Wewe unaficha huku unatibiwa. Kichekesho."

Muuguzi akampa namba ya kampuni ambayo wagonjwa wengine wa moyo waliwahi kuitumia na ikawalipia. Jioni alijifungia chumbani akapiga. Sauti ya mwanamke ikaanza kuuliza, na kweli ikakera. Ugonjwa uligunduliwa lini? Amewahi kulazwa? Anapanda ngazi bila kupumzika? Anatumia dawa gani? Majina ya dawa hakuyakariri, kwa hiyo akavuta lile kopo, akalimwaga kitandani, vifungo na vidonge pamoja, akaanza kusoma kwenye paketi herufi moja moja.

Mlango ukafunguka. Alikuwa binti yake, ameleta nguo zilizokauka.

"Na dawa hizi umewahi kuziacha?" sauti iliuliza kwenye simu.

Alimtazama binti yake usoni. "Sijawahi kuacha," alisema. "Nimemeza asubuhi ya leo. Nikimaliza kuongea na wewe nitameza za jioni."

Binti aliweka nguo chini. Simu ilipokatwa alisema kwamba yeye mwenyewe amewahadithia watu wangapi, shuleni, kazini, kwenye basi, amewaapia kwa jina la Mungu kwamba mama yake ana moyo mpya. Amewashika mikono wagonjwa akawaambia hayo. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Siku zile hakula meza moja na mama yake. Hati ya bima ilipofika, ndefu na ghali, binti ndiye aliyeketi kuisoma mstari kwa mstari, akatafuta jina la ugonjwa ule mpaka akalipata, akalipigia mstari kwa kalamu. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Hii itakulipia," na siku hiyo akala.

Jumapili mwalimu alimngoja nje ya kanisa na karatasi zake. Alipoambiwa bima imepatikana kwingine, na moyo umetajwa, tabasamu lilimdondoka.

"Umemwaibisha Mungu mbele ya watu wa bima."

"Mungu hajaaibika, mwalimu. Tulioaibika ni mimi na wewe."

Maneno yalitoka nje kweli, kama mwalimu alivyoahidi. Wale waliocheza siku ya shukrani sasa walimwangalia miguu, kuona kama imevimba. Mmoja alimsalimu kwa jina lake la kuzaliwa, lile lililosahaulika, akatamka kila silabi. Akina mama wawili walihama benchi. Mama Ushuhuda alivumilia, lakini kwa jinsi alivyosimulia baadaye, ilikuwa kama kulalia shuka la mtu mwingine: hakuna pa kugeukia pasipo na harufu.

Akasafiri. Alimkuta dada yake kwenye chumba kidogo chenye pazia la kijani, amekuwa mwepesi kama mto wa kitanda. Walilia, wakacheka kulia kwao, wakaanza kuulizana habari za watu waliokwisha kufa. Siku ya tatu au ya nne, mpwa akiwa kazini, dada alimshika mkono akamwomba jambo moja.

"Niombee kama ulivyojiombea wewe. Mungu wako wa moyo mpya, mwambie na mimi nipo."

Hapo ndipo safari nzima ilipomfikisha. Angeweza kuomba. Maneno alikuwa nayo tele, na mgonjwa angefurahi. Aliushika mkono wa dada kwa mikono yake miwili, akasema, "Dada, mimi sijapona. Natembea kwa vidonge. Sikuwahi kupona."

"Najua," dada alijibu. "Kwani kwenye simu sikusikii unavyohema? Nilikuwa nangoja uniambie. Sasa omba tunachoweza kupewa."

Basi akaomba usingizi. Aliomba maumivu yapungue mpaka alfajiri, mate yapite kooni, na watakapoachana waachane bila woga. Hakukumbuka kuomba kwepesi kama kule tangu utoto wao. Dada alilala usiku ule. Baada ya majuma machache alilala moja kwa moja, mkono wa mdogo wake ukiwa juu ya paji lake.

Moyo wa Mama Ushuhuda haukumsumbua huko, zaidi ya kuhema kwenye ngazi. Bima ikaisha bila kuguswa. Aliporudi, mwalimu wa kwaya alikuja dukani kuchukua joho lake, akasema mbele ya wafanyakazi wote.

"Umeona? Hukuugua. Ulichowapa wamekula bure, na ushuhuda umeuua. Wenzako niliowaandikia mimi wamekwenda na kurudi, hakuna hata mmoja aliyelalamika."

"Hakuna hata mmoja aliyeugua," alisema Mama Ushuhuda. "Ni wangapi sasa hivi wanajiandaa kusafiri na hapana zako?"

Mwalimu akacheka, akasema ni wengi, Mungu anambariki. Akamtaja hata mmoja, bibi mwenye kisukari aliyekuwa anakwenda kwenye harusi ya mjukuu wake, kama mtu anayetaja mteja wa kujivunia. Mama Ushuhuda alimkabidhi joho bila kumgusa mkono. Alizima pasi, akavua aproni kabla ya saa ya kutoka, akamwomba mwenye duka radhi.

Nyumba ya yule bibi haikuwa mbali. Bibi alimpokea mlangoni kwa uso wa baridi, maana na yeye alikuwa ameyasikia yale maneno. Akasema mambo yake ya bima yako tayari, mwalimu ameyamaliza yote, na sukari yake Mungu ameishughulikia. Hakumkaribisha kiti. Mama Ushuhuda aliingia, akaketi, akangoja pumzi yake irudi.

"Na mimi nilisema hivyo hivyo, bibi," alisema. "Lete hiyo karatasi tuisome."