Sauti Mbili za Gurudumu Moja

Harufu ya solusheni, ile gundi ya kubandikia viraka vya tairi, ndiyo iliyonipokea Busia. Ilikuwa kali, imechanganyika na vumbi la mahindi na mpira uliokwaruzwa kwa msasa, nami, ambaye harufu nyingi zilinichosha, hiyo niliipenda tangu siku ya kwanza. Karakana ya mjomba Ochwo, kaka yake mama, ilikuwa nyuma ya ghala la nafaka, upande wa Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Huko barabarani malori yalipiga honi kutwa nzima na wachuuzi waliita wateja kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso kwa wakati mmoja. Lakini magunia ya ghala yalikuwa yamepangwa hadi karibu na paa, na yalizimeza kelele zile hata zikatufikia zimepoa. Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwahi kukaa mahali penye utulivu kama pale.

Nilipelekwa kwa mjomba kwa sababu shule ilikuwa imenishinda. Kijijini kwetu, upande wa Tororo, darasa letu lilikuwa la paa la bati, na watoto tulibanana kwenye madawati hadi wengine wakakaa sakafuni. Wenzangu walipoanza kukariri kwa pamoja, sauti zile hazikuishia masikioni, ziliniingia mwilini. Moyo ulikwenda mbio, mikono ikawa baridi, na maandishi ya ubaoni yakaacha kuwa na maana. Nilijikunja chini ya dawati, nikaziba masikio, na hakuna fimbo iliyonitoa huko. Mwalimu alisema ni ukaidi. Bibi alisema nina pepo, nikapelekwa kuombewa mara mbili, na mara zote mbili waombaji walipaza sauti kiasi kwamba nilitimua mbio, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo katika kesi ile ya pepo. Mwishowe baba, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji na mtu asiyependa maneno mengi, akaamua: muhula huo nikapumzike kwa mjomba, na akija kunichukua anikute vilevile, basi shule iishe, nibaki nyumbani nilee wadogo zangu na kuchunga mbuzi. Mimi nilipenda hesabu kuliko chakula. Niliusikia uamuzi huo nikiwa nyuma ya mlango, na uliniuma sana.

Mjomba hakuniuliza nina nini. Siku za mwanzo aliniacha nipange spana zake kuanzia kubwa hadi ndogo, na jioni hakuzivuruga. Kisha akanipa gurudumu lililopinda, akaniketisha mbele yake, akanionyesha namna ya kulizungusha polepole na kutazama ringi inapoyumba. Kila spoki aliigonga kwa ukucha. Iliyolegea ilitoa sauti nzito, iliyokazwa ikatoa sauti nyembamba. Mafundi wengine hufanya hivyo kwa mazoea tu. Mimi nilizisikia tofauti ambazo yeye mwenyewe hakuzisikia. Nilimwambia spoki ya nne kutoka kwenye tundu la pampu haiko sawa na jirani yake, akagonga mara tatu, akainamisha kichwa, akagonga tena, akacheka peke yake. Masikio yaliyonifukuza darasani yalikuwa yamepata kazi. Tangu hapo alinipa magurudumu mengi, nami niliyanyoosha moja baada ya jingine, vidole vikinuka chuma, na nilipolala usiku sikuota tena dawati.

Mteja niliyemwogopa ni Mama Nabwire. Miguu yake ilipooza utotoni kwa polio, na alikuwa mmoja wa wale wafanyabiashara wa Busia wanaovuka mpaka kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Aliubeba mzigo ambao mwanamume mwenye miguu mizima angeuacha chini: katoni za sabuni kutoka upande wa Kenya, maharagwe kutoka upande wetu. Alikuwa na mabega mapana na mdomo usiomhurumia mtu. Asubuhi moja alikuja na gurudumu la mbele, lile linalovutwa na cheni, limepinda vibaya. Mjomba alikuwa na kazi nyingine mkononi. Akanisukumia mimi, mbele ya wateja wote waliokuwa wakingoja.

Nilifanya kazi ile kwa roho yangu yote. Nilikaza spoki moja moja, nikagonga, nikarudia, hadi zote zikalia sauti ileile, upande huu na upande ule. Sikuwahi kusikia kitu kizuri hivyo. Mjomba akalifunga gurudumu mahali pake, akalizungusha, nalo likaanza kusugua mguu wa kushoto wa foki, ile miguu miwili ya chuma inayolishika. Halikuyumba hata kidogo, ila lilikuwa limehamia pembeni. Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema ndiyo matokeo ya kumpa mtoto kazi ya watu wazima, na Mama Nabwire akauliza kama bidhaa zake zitavuka kwa miguu yake. Wote wakacheka kwa pamoja. Moyo ukaanza mbio zake, mikono ikapoa, nami nikakimbilia ghalani na kujibanza katikati ya magunia. Nilijua baba akija ataambiwa, na kwamba mbuzi wananisubiri.

Nilitarajia kuvutwa mkono. Badala yake nilimsikia Mama Nabwire, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwache apumue, fundi. Mimi nangoja. Lakini hii gurudumu amalize yeye, si wewe."

Mjomba akawaomba wateja wengine warudi mchana. Kisha akaleta gurudumu, akaliegemeza kwenye gunia karibu nami, akaketi mbali kidogo bila kunitazama. Sijui tulikaa muda gani. Ninachokumbuka ni kwamba moyo ulipungua mwendo wenyewe, na hilo lilikuwa jambo jipya kwangu, kwa maana siku zote mtu alikuwa akinivuta kabla haujatulia. Nikaanza kulitazama gurudumu. Upande wenye meno ya cheni, spoki husimama wima zaidi kwa sababu meno yale yamechukua nafasi. Upande wa pili hulala. Zikivuta kwa nguvu sawa, zile zilizolala hushinda na ringi husogea kwao. Nilimwambia mjomba kwamba upande wa cheni ulie sauti nyembamba, na upande wa pili nzito kidogo. Akajibu kwa Kidhopadhola, lugha ya kwetu, kwamba alikuwa akingoja nilisikie hilo mwenyewe. Nikatoka, nikakaa palepale nilipochekewa, nikamaliza. Mama Nabwire alilizungusha, akalitazama, akapanda bila kunishukuru, akaenda zake mpakani na katoni zake.

Baba alifika mwisho wa muhula. Hakuwa amekaa vizuri Mama Nabwire naye akaingia. Aligonga gurudumu lake kwa kiganja.

"Mzee, hii ni mkono ya mtoto yako. Mimi nabeba na hii kila siku, na haijapinda."

Baba alishinda kutwa kati ya mashine, na kitu kilichonyooka alikijua akikiona. Akachuchumaa, akalizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Halafu akaniuliza mimi, wala si mjomba, ninataka nini. Nilimwambia ninataka shule, nikae karibu na mlango, na kelele zikinizidi nitoke hadi moyo utulie, kisha nirudi mwenyewe. Sikuwahi kumwambia maneno mengi kiasi hicho. Juma lililofuata alikwenda kwa mwalimu mkuu akiwa amevaa sare zake za kiwandani, na akakataa kuondoka mpaka wakubaliane.

Leo ninafundisha ufundi wa mitambo katika chuo kimoja Tororo. Miaka michache iliyopita alikuja mgeni kutufundisha kuhusu msongo wa mawazo, na kuhusu watu ambao ubongo wao hupokea sauti na mwanga kwa namna tofauti na wengine, na nilipojisikia nikielezwa mimi mwenyewe mbele ya walimu wenzangu nilicheka na machozi yakanitoka. Ni vizuri kwamba siku hizi jambo hili lina jina. Lakini madarasa bado yamebanana, na watoto wa aina yangu bado wanaitwa wakaidi na watu wanaolijua jina hilo. Mjomba hakulijua, na alinitendea haki. Ninajivunia kwamba wanafunzi wangu wanatoka nje wakihitaji na kurudi wanapokuwa tayari, na hajapotea hata mmoja.

Desemba iliyopita tulimwoza mdogo wangu. Mchana spika zilipofunguliwa hadi mwisho, nilisimama nikatoka kwenye turubai, kama ninavyofanya siku zote. Nikiwa nje nilimsikia shemeji mmoja akimuuliza baba kama ninaumwa. "Haumwi," baba alisema. "Atarudi." Nilikaa hadi nilipotulia. Niliporudi, watu walikuwa wamejaa na wengine wamesimama, lakini kiti changu kilikuwa kitupu, na juu yake baba alikuwa ameweka kofia yake.