Mtu Aliyeuliza Alikaa Upande Gani

Utasema nimetunga. Sema tu. Lakini aliyekuwa juu ya ile baiskeli ni mimi, si wewe.

Nafanya kazi chumba cha maiti, hapa Sumbawanga. Maiti siwaogopi, ndugu zao ndio wenye fujo. Mchana ule waliletwa wawili, marafiki kutoka kijiji cha Pito, Evarist na Gaspari. Gari dogo la Evarist lilikuwa limelivaa lori lililoegeshwa njia ya Chala. Wasamaria wema waliwatoa wakawalaza kwenye nyasi, na mmoja wao, kwa heshima tu, akachomoa ufunguo wa gari akautia mfukoni mwa mwenye gari usije ukapotea. Ufunguo huo ukawa hukumu. Evarist kakutwa na ufunguo, basi yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, basi yeye ndiye kamuua mwenzake. Hakuna aliyejiuliza gari linatembeaje ufunguo ukiwa mfukoni!

Baba yake Gaspari alisimama kwenye uwanja wa hospitali. "Pito hakuna atakayeshika jembe kumchimbia huyo," alisema. "Mkewe amchimbie mwenyewe."

Mke wa Evarist alikuwa palepale, mtoto mgongoni. Unajua kwetu maana yake nini majirani kugoma kuchimba kaburi? Ni kumfukuza mtu akiwa ameshakufa, pamoja na watoto wake. Nilimhurumia sana yule mama.

Mimi sura zao sikuwa nimeziona. Walifika wamefungwa mablanketi, nikawaingiza hivyohivyo, daktari angewapima kesho yake.

Jioni narudi nyumbani, jua linazama, upepo wetu ule unakata masikio. Nikamkuta mwanamume anatembea kando ya barabara na shati jepesi. Baridi yote ile! Nikasimamisha baiskeli.

"Habari za jioni, kaka?"

Akaniuliza, "Eti kaka, mimi nilikaa upande gani?"

Nikacheka, nikajua ni pombe. Akaanza kufungua vifungo. Toka bega la kushoto, kukatisha kifua, mpaka nyonga ya kulia, ngozi ilikuwa imechubuka, upana wa mkanda.

"Waambie," akasema. "Mke wangu achimbe mwenyewe?"

Niliinama nishike baiskeli vizuri. Kuinua kichwa, hayupo. Na pale ni mashamba yaliyokwisha kuvunwa, ungeona hata kuku. Niamini, sikumbuki nilifikaje nyumbani.

Asubuhi nikafungua blanketi la Evarist. Ni yeye. Sura ileile, mchubuko uleule.

Daktari alipokuja sikumwambia habari za barabarani. Ungemwambia wewe? Nilimwonyesha tu lile bega. Akaangalia, akaangalia magoti yaliyopasuka, akasema, "Huyu alikaa kushoto. Dereva anakaa kulia, mkanda wake wa usalama unashukia bega la kulia." Kisha akamfunua Gaspari. Alama ilikuwa bega la kulia, na kifua kimebonyea pale kilipogonga usukani. "Dereva ni huyu."

Akatoka akaziambia familia zote mbili. Baba yake Gaspari alikaa chini, kwenye vumbi, mtu mzima yule. Baadaye akaenda kuchukua jembe lake, akawa wa kwanza kufika makaburini kumchimbia Evarist, na watu wakamfuata. Hapo ndipo mjane alipolia. Nami nikafurahi, nikadhani yamekwisha.

Hayajaisha. Watu wa Pito waligeuza maneno siku hiyohiyo, sasa muuaji ni Gaspari. Mama yake hata kisimani anaulizwa kama mwanawe alikuwa na leseni. Na mimi jioni, palepale barabarani, namkuta mwingine. Huyu haniulizi chochote. Shati amelifunga mpaka shingoni, mkono wa kushoto ameubana juu ya bega la kulia, analificha. Ananitazama kwa aibu hata natamani ardhi inimeze. Yule wa kwanza alitaka niseme. Huyu anataka ninyamaze, nami nimeshasema.

Wewe ukikuta ajali, funika waliolala, waombee, toa msaada unaoweza. Lakini usisimame pale ukauliza kwa sauti nani alikuwa anaendesha. Wanakusikia, wote wawili.