Tyubu ya Hidrojeni

Katika ujirani wetu wa Burat, kibanda changu cha majaribio ndicho pekee kilichokuwa na kuta za mawe. Kwa hiyo risasi zilipoanza kulia, saa nne asubuhi, mama jirani yangu alikimbilia humo na watoto wake wanne. Tangu nianze kuchemsha maganda matamu ya mti wa mathenge, alikuwa akinitania: "Mwalimu, mbuzi yangu imebaki bila meno juu ya hiyo sukari, na wewe bado unapika?" Siku hiyo hakutania. Aliwalaza watoto chini ya meza, na kando ya vichwa vyao palikuwa na tyubu ya trekta iliyojaa hidrojeni.

Hakujua. Gesi hiyo haina harufu. Kwa wiki tatu nilikuwa nikipitisha umeme wa sola katika maji ya maganda yale, kupitia wavu wa chuma nilioupaka nikeli na kobalti kama kichocheo. Upande mmoja sukari iligeuka asidi inayotumiwa na watengenezaji wa ngozi. Upande wa pili ilitoka hidrojeni. Nyavu zangu za awali ziliharibika ndani ya siku mbili. Wavu huu ulidumu, na ushahidi wangu pekee ulikuwa kiasi cha gesi ndani ya tyubu ile, ambacho nilikuwa bado sijakipima.

Risasi ilivunja dirisha na kupasua chupa ya asidi. Nilichomoa nyaya, nikaziba tyubu, nikaikumbatia na kutoka.

Mume wa jirani alikuwa amelala hatua tano kutoka mlangoni, tumbo limepasuka, viganja vikizuia matumbo yasimwagike. Wezi wa mifugo walikuwa wakiswaga ng'ombe wake huku wakifyatulia risasi kila kilichosogea.

"Mwalimu, nivute," alisema.

Nilimruka. Niliibeba tyubu hadi nyuma ya tangi la maji, nikailaza polepole. Niliporudi, risasi nyingine ilikuwa imempata shingoni.

Askari walipofika, jirani alinizaba kofi mbele yao. "Umebeba mpira, ukaacha mtu!"

"Mama, ilikuwa na gesi. Ingelipuka, watoto wangeungua."

"Si ungeitoboa hapo mlangoni, umvute?"

Kisu cha kukatia maganda kilikuwa mfukoni mwangu. Kwa upepo ule, hidrojeni ingepaa na kutawanyika kabla sijavuta pumzi ya pili.

"Ningeweza," nikasema. "Sikuwa nimeipima gesi."

Akanipiga tena, sasa kwa ngumi, mdomoni, mpaka askari wakamshika.