Herufi Zilizoinama

Mume wangu walimfunga kambini kwa sababu alikataa kubeba mizigo ya Wadachi, Wajerumani wale, kwenda Usumbura. Mimi nilikuwa mshona kofia hapa Rumonge, sikuwa na cha kumwombea ila kazi ya mikono, nikaenda na kofia mbili nzuri kuwa zawadi. Bwana wa kambi, Mdachi, alizitazama ndani na nje, kisha akatoa kitambaa cheupe cha meza na kadi yenye ukingo mweusi. Askari wake, Mmanyema, akanitafsiria.

"Mama yake amekufa kwao Ulaya. Hili ndilo jina lake. Ulishone namna hii hii, mama. Likimupendeza, bwana yako atatoka."

Sikujua kuzisoma herufi zile, lakini macho nilikuwa nayo. Kila moja ilikuwa na upande mnene na upande mwembamba kama unywele, na zote zimeinama kama wanawake wanaopanda kilima na mitungi ya mawese. Nzuri, sikatai. Ila uzuri wake ulinitia hofu, maana uzi mmoja ukizidi, yote yameharibika. Palipokuwa pembamba niliuchambua uzi mpaka ukawa kitu cha kukatika kwa kupuliziwa tu.

Nilichorea makaa, nayo yanafutika upesi, kwa hiyo nilichora herufi moja, nikaishona, ndipo nikachora inayofuata. Nilianzia kulia bila kufikiri, kama mkono wangu ulivyofundishwa chuoni kuandika herufi za Kurani. Ile kubwa ya upande wa kushoto, yenye mkia wa madaha, niliidhani pambo la kumalizia, sikuiwekea nafasi. Kumbe kwao jina huanzia hapo. Nilipoifikia, kitambaa kilikuwa kimekwisha.

Kufumua kungeacha matundu kwenye nguo ya watu. Nikaisimamisha wima, nikaibana kwenye upindo, ikakaa kama mgeni aliyekosa nafasi mkekani.

Kambini, yule bwana alipitisha kidole juu ya jina polepole, akafika kwenye ile kubwa, akasimama. Akasema neno.

"Anauliza, juu ya nini hii moja iko inasimama?"

"Mwambie huyo ndiye mkubwa wao. Mkubwa hawainamii wadogo zake."

Sijui uongo ule niliutoa wapi. Askari alipomfikishia, bwana aliacha kidole chake palepale, macho yamemwiva. Kisha akasema maneno mengi, na mimi nikawa namtazama askari mdomoni.

"Amependa, mama. Bwana yako anatoka sasa hivi. Lakini anataka mashuka, mito, vitambaa vya mikono, vyote viandikwe hivi. Utakaa huku kambini mpaka viishe."

Wakamleta mume wangu, amekonda, minyororo imemchubua shingo. Akanishika mkono, akasema twende nyumbani. Nikamwambia atangulie.